Kambi ya RV imejaa? Rudi kuangalia siku mbili kabla

Kwa mnaosafiri na RV (gari lenye vyumba vya kulala) huku Marekani: kambi ikionyesha imejaa kwenye Recreation.gov, tovuti ya serikali ya kuwekea nafasi za kambi, rudi kuangalia siku tatu hadi mbili kabla ya usiku unaoutaka, hasa jioni. Sababu ni pesa. Anayeghairi mapema hukatwa dola 10 tu. Akingoja hadi siku moja kabla ya kufika, hukatwa hizo 10 pamoja na malipo ya usiku wa kwanza. Ndiyo maana wenye mashaka huachia nafasi zao kabla ya siku hiyo ya mwisho. Washa pia arifa za nafasi kwenye ukurasa wa kambi, ila usizitegemee peke yake, maana hazikuwekei nafasi. Anayewahi ndiye anayepata. Tafuta usiku mmoja mmoja badala ya wikendi nzima, utaona Alhamisi au Jumapili zilizobaki pekee. Kabla ya kulipa, soma urefu unaoruhusiwa: kambi ya Upper Pines kule hifadhi ya Yosemite, RV mwisho futi 35, na sehemu nyingine ni fupi zaidi. Wikendi za sikukuu kama Julai 4 au Labor Day (Siku ya Wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba) mbinu hii mara nyingi hugonga mwamba. Hapo pigia simu kambi za watu binafsi nje ya hifadhi.