Somo: Jinsi ya kupima SUV ndogo kabla hujaifanya gari la kila siku

Wadau, salama? Maswali ya SUV ndogo yamekuwa mengi, na majibu mengi yanaishia kwenye "chukua hii, haitakusumbua". Leo tuingie ndani ya gari lenyewe. Somo ni la mtu anayetaka gari la kwenda kazini, kupeleka watoto shule, kubeba mizigo ya nyumbani na safari ya mbali mara moja moja. Wewe wa kuvuka mito, hili si darasa lako.

Kwanza tuelewane. SUV ndogo nyingi ni gari la kawaida lililonyanyuliwa. Toyota ilipotoa RAV4 mwaka 1994 iliipa bodi inayojibeba yenyewe kama ya gari la saluni, wala haikuifunga juu ya chasisi ya ngazi (fremu ya chuma inayokaa chini ya bodi) kama pikapu. Nyingi zilizofuata zimejengwa hivyo hivyo, ndiyo maana ni laini barabarani. Suzuki Jimny imebaki na chasisi ya ngazi, na kwenye lami utaihisi mgongoni. Kwa hiyo sura ya ubabe isikubabaishe. Lipime gari kwa kazi utakayolifanyisha.

Hatua ya 1: Injini ikiwa imezimwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu wengi wanaporuka. Keti kwenye kiti cha dereva, kirekebishe mpaka uwe sawa kabisa, kisha shuka ukakae nyuma ya kiti hicho hicho bila kukisogeza. Wauzaji hupenda kusukuma viti vya mbele mpaka mwisho ili nyuma paonekane ukumbi. Kaa dakika kadhaa. Mapaja yameegemea kiti, au magoti yamepanda juu kwa sababu sakafu imeinuka? Miguu inaingia chini ya kiti cha mbele? Hamia katikati uone kama mgongo wa sakafu unakupa pa kuweka nyayo.

Una mtoto mdogo? Njoo na kiti chake ukifunge mwenyewe. Kuna magari ambayo vishikizo vya ISOFIX, vile vya kunasia kiti cha mtoto, vimezama ndani ya mto kiasi cha kukuchubua vidole. Halafu kiti cha mtoto mchanga, kile kinachotazama nyuma, mara nyingi hulazimisha kiti cha mbele kisogee. Abiria wa mbele akikaa magoti yamegusa dashibodi, jibu umeshalipata.

Buti usilipime kwa lita za kwenye karatasi, maana kuna wanaopima hadi usawa wa dirisha na wengine hadi darini. Beba mzigo wako halisi: kigari cha mtoto, sanduku la safari, chochote unachobeba kila wiki. Angalia utaunyanyua mpaka wapi kuvuka kizingiti cha buti. Angalia na mlango wa nyuma. RAV4 za vizazi vitatu vya mwanzo, kama Jimny, hufunguka ubavuni, hivyo ukipaki mgongo karibu na ukuta huingizi hata mfuko. Ule wa kwenda juu, hakikisha mfupi kuliko wote nyumbani anaufikia.

Nyanyua kapeti ya buti. Kuna spea kamili, spea nyembamba, au kichupa cha dawa ya pancha? Spea nyembamba kwa kawaida mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Dawa haifui dafu tairi likichanika ubavuni.

Hatua ya 2: Unaona nini?

Watu husifu kukaa juu, na kweli mbele kunaonekana vizuri. Tatizo ni nyuma: nguzo nene, kioo kidogo. Mwombe mtu azunguke gari taratibu wewe ukiwa umekaa, ujue anapotelea wapi. Kamera inasaidia mpaka siku lenzi ipakae matope.

Hatua ya 3: Barabarani

Omba injini isiwashwe kabla hujafika, na ushike boneti kuhakikisha ni ya baridi. Kasoro nyingi hujitokeza injini inapowaka ikiwa ya baridi. Njia ichague wewe: iwe na matuta, mlima, foleni na kipande cha kasi. Kwenye uwanja mpana kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole pande zote mbili. Mlio wa tak-tak-tak mara nyingi ni kiungo cha ekseli kilichochoka.

Kama gia ni CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia moja, mbili, tatu, ukikanyaga mafuta kwa nguvu injini itanguruma kabla kasi haijapanda. Hiyo ni tabia yake. Ila gari likitetemeka unapoondoka taratibu, au likishtuka, achana nalo. Uliza pia oili ya gia ilibadilishwa lini na kwa aina gani, maana CVT ina oili yake.

Hatua ya 4: Mafuta

Ukipewa nafasi ya siku kadhaa, jaza tangi, endesha njia zako, jaza tena. Lita 32 kwa kilomita 400 ni lita 8 kwa kilomita 100. Hesabu hii iamini kuliko kioo cha dashibodi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, nichukue fowili au ya kuvuta mbele tu?
Jibu: Fowili inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Inaongeza uzito na ulaji wa mafuta, na matairi yote manne yanatakiwa yalike sawa. Kama njia yako ni lami na vumbi kavu, chukua ya kuvuta mbele yenye matairi mazuri. Kama kila msimu wa mvua unapita kwenye tope, fowili ni haki yako.

Swali: Muuzaji anasema matairi ni mapya. Nitajuaje?
Jibu: Ubavuni mwa tairi, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama vinyweleo vyake bado vipo. Soma yote manne, wakati mwingine namba ziko upande wa ndani.

Swali: Kaka, nitakuwa nambeba mama, ana shida ya magoti. SUV si ndiyo nzuri kwake?
Jibu: Inategemea kimo, dada yangu. Kiti kikiwa usawa wa nyonga zake, atageuka tu na kukaa. Kikizidi hapo ataanza kupanda, na kizingiti kipana cha mlango kitamfanya anyanyue mguu zaidi wakati wa kushuka. Nenda naye siku ya kukagua. Aingie na kutoka mara mbili, mlango ukiwa umefunguliwa nusu, kama itakavyokuwa mkipaki palipobana.