Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujamrudisha Nyumbani Mgonjwa wa Mshtuko wa Moyo

Maumivu ya kifua yakianza, usisubiri yapoe. Saa ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote: msuli uliokosa damu huvuruga umeme wa moyo, na moyo unaweza kuanza kutetemeka badala ya kusukuma. Mtu akianguka, haitiki, anavuta pumzi mojamoja kwa mkoromo, usidhani amelala. Mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke angalau sentimita 5, na mwenzako aite msaada.

Wodini, waya za mashine ya mapigo zikibanduka, mwite muuguzi papo hapo.

Kabla hajaruhusiwa, uliza moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu kwa kila pigo. Kipimo cha ultrasound ndicho kinachoonyesha. Ikiwa ni 35 au chini, hatari ya mapigo kuvurugika baadaye ni kubwa. Kipimo hurudiwa baada ya siku 40 au zaidi, maana msuli mwingine huwa umezubaa tu, haujafa, na ndipo huamuliwa kama apandikizwe kifaa cha kuushtua moyo kwa umeme mapigo yakivurugika. Ondoka na tarehe mkononi.

Dawa ya kutuliza kasi ya moyo asiiache kwa sababu tu anajisikia vizuri. Akiharisha au kutapika huku anatumia dawa za kukojoza, madini ya potasiamu kwenye damu hushuka na mapigo huvurugika. Mpeleke akapimwe damu. Na usimnunulie dawa za kuzima mapigo ya ziada. Mwaka 1989 utafiti wa CAST ulionyesha kwamba waliopewa baadhi ya dawa hizo baada ya mshtuko wa moyo walikufa wengi zaidi, ingawa mapigo yale yalikuwa yametulia kweli.

Sasa hili la kuzimia, nisikilize vizuri. Baba alikuwa na wiki ya tatu nyumbani. Asubuhi moja nilisikia kishindo, nikamkuta chini mlangoni mwa bafu, tayari anajaribu kuinuka. "Nimeteleza tu, mwanangu." Nikamwinua, nikampa maji, nikamwambia apumzike. Ila sakafu ilikuwa kavu, na ndala zake zilikuwa bado zimepangwa pembeni, hakuwa amezivaa. Niliziona. Miadi ilikuwa imebaki siku nne, nikasema tutamweleza daktari siku hiyo. Usiku wa tatu alianguka tena, na safari hii hakuamka. Daktari alipouliza kama aliwahi kuzimia tangu aruhusiwe, nilishindwa kumtazama.

Mtu mwenye kovu moyoni lililoachwa na mshtuko akizimia bila onyo na kuzinduka baada ya sekunde chache, huenda mapigo yalikwenda mbio kupita kiasi, kisha yakajirudi yenyewe. Yanaweza yasijirudi mara ya pili. Usingoje miadi, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama anacheka na kukuita mwoga. Waulize na wajukuu, maana wazee huficha. Moyo ukimwenda mbio ghafla huku anaona kizunguzungu, vivyo hivyo. Asiendeshe gari mpaka daktari aruhusu. Asilale chumba cha peke yake wiki hizo za mwanzo. Na komeo la bafu, ling'oe.