Kuomba mkataba wa mfumo wa kompyuta wa serikali

Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Mfumo ukizima, malori yanapanga foleni, madereva wanalala chini ya trela, nyanya zinaoza, na dirishani jibu ni lile lile: "Mkandarasi anashughulikia." Basi iulize serikali: kampuni hiyo iliyopewa kazi ya mfumo iliahidi nini kwenye mkataba?

Sheria ya Uganda ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa kila raia haki hiyo ya kuuliza, wala hulazimiki kueleza sababu. Mwandikie mkuu wa taasisi ya serikali yenye mfumo huo. Usiombe "taarifa za mfumo", utapewa porojo. Taja mkataba wenyewe, muda wa kurudisha huduma inapokatika, faini ya kuchelewa, na nani atamiliki data na programu mkataba ukiisha. Hilo la mwisho ndilo linaloifunga serikali kwa kampuni moja miaka nenda rudi, na ndilo linaloniuma zaidi.

Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, wenye tarehe. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, inahesabika wamekataa. Peleka malalamiko kwa Hakimu Mkuu. Wakisingizia siri ya biashara, dai kurasa zisizo na siri hiyo.