Kusalimia kwa Kisamoa: mwongozo kwa anayezungumza Kiswahili

Kisamoa ni lugha ambayo mdomo wa Mswahili umeshaijua nusu kabla ya somo la kwanza. Nasema hivi kwa sababu nahudumia wazee kusini mwa Auckland, New Zealand, ambako Wasamoa ni wengi mno, na kila anapofika mgeni kutoka Kongo, Burundi au Kenya akapata kazi kama yangu, huwa namkalisha chini nimfundishe salamu kwanza. Mambo ya dawa na vitanda atafundishwa kazini. Salamu hakuna wa kumfundisha, na bila salamu mzee wa Kisamoa hatakufungulia moyo.

Lugha hii inazungumzwa katika nchi huru ya Samoa, yenye visiwa vikubwa viwili, Upolu uliko mji mkuu wa Apia, na Savai'i. Inazungumzwa pia Samoa ya Marekani, ambayo mji wake ni Pago Pago, na kwa wingi New Zealand, Australia, Hawaii na California. Haya ninayoandika yatakufaa popote kati ya hapo.

Hatua ya 1: Weka sawa sauti tatu

Irabu ni zetu zile zile tano, a, e, i, o, u. Silabi huishia na irabu, na mkazo mara nyingi huangukia karibu na mwisho wa neno kama kwetu. Ng'ambo hiyo umeshavuka. Zimebaki sauti tatu.

Ya kwanza ni herufi g. Hii si g ya "gari", ni ng' ya "ng'ombe". Mji wa Pago Pago hutamkwa Pang'o Pang'o. Bandari ya Salelologa, feri inakotia nanga ukivuka kutoka Upolu kwenda Savai'i, ni Salelolong'a. Lugha yenyewe huitwa gagana Samoa, na ukiitamka sawasawa utasikia ng'ang'ana. Wanaotoka kwenye Kiingereza huhangaika sana na sauti hii. Wewe unayo tangu utotoni, itumie.

Ya pili ni alama ya mkato wanayoiita koma liliu, ile iliyo katikati ya Savai'i. Ni pumzi inayokatika kooni. Sema "a-a!" kama unamkataza mtoto asiguse jiko la moto; pale katikati pumzi inapokwama, hapo ndipo. Usiidharau, kwa sababu fai ni kufanya na fa'i ni ndizi.

Ya tatu ni irabu ndefu, inayoandikwa kwa kistari juu: ā, ē, ī, ō, ū. Hilo nalo tunalo, ndiyo tofauti ya "kufa" na "kufaa". Kwa Kisamoa tala ni hadithi, tālā ni pesa ya Samoa. Neno likiishia na irabu ndefu mkazo huhamia huko mwishoni: mālō ni maa-LOO, tōfā ni too-FAA.

Sasa tahadhari. Kwenye mabango, magazetini na kwenye ujumbe wa simu, watu huziacha alama hizi. Utaona Malo, Faafetai, Tofa. Wenyewe hawapotei maana wanaijua lugha, lakini wewe utapotea ukijifunza kwa macho tu. Sikiliza matangazo ya redio ya Kisamoa, hata kama huelewi neno, mpaka sikio lizoee mikato na mivuto.

Hatua ya 2: Tālofa na mālō

Tālofa ndiyo salamu isiyokosea. Asubuhi, jioni, kwa mtoto, kwa mchungaji, dukani, kanisani. Ukitaka kuipa uzito ongeza lava: Tālofa lava. Anayehutubia watu huanza nayo hiyo hiyo, na anayejibu hujibu Tālofa au Tālofa lava.

Mālō ni ya karibu zaidi, ya watu wanaojuana au wa rika moja. Vijana wakikutana njiani husema Mālō, mwisho. Kwa mzee usianze nayo ikiwa peke yake. Lakini mālō ina kazi nyingine kubwa zaidi ya hiyo, na nimeitengea hatua yake huko mbele.

Kaa na maneno haya mawili mpaka yakutoke bila kufikiri, ndipo uendelee. Wengi huharakia sentensi ndefu halafu wanashindwa kusema Tālofa mlangoni.

Hatua ya 3: U hali gani, na mko wangapi

Kumuuliza mtu hali: 'O ā mai 'oe? Jibu: Manuia, fa'afetai, yaani njema, asante. Ukitaka kurudisha swali: 'Ae ā 'oe?, na wewe je? Fa'afetai hutamkwa fa-'a-fe-TAI, mkazo ukiwa mwishoni kwa sababu ai inavutwa kwa pamoja.

Hapa kuna jambo ambalo Kiswahili hakikutuandaa nalo. Sisi tuna wewe na ninyi. Wao wana ngazi tatu: 'oe ni mtu mmoja, 'oulua ni watu wawili, 'outou ni watatu na kuendelea. Kwa hiyo ukiingia chumbani ukamkuta bibi na binti yake, ni 'O ā mai 'oulua? Wakiwa wamejaa wajukuu, ni 'O ā mai 'outou? Hesabu vichwa kabla hujafungua kinywa. Ukiwasalimia wawili kwa 'oe, mmoja wao umemwacha nje ya salamu.

Hatua ya 4: Heshima, yaani fa'aaloalo

Wageni wengi wa kwetu huniuliza, "Shikamoo yao ni ipi?" Hakuna. Hakuna neno moja la mdogo kwa mkubwa lenye jibu lake maalumu. Heshima huwekwa kwa namna ya kumtaja mtu: badala ya 'oe unasema lau susuga. Kwa hiyo swali la hali kwa mzee, mchungaji, mwalimu au daktari linakuwa 'O ā mai lau susuga?

Samoa ina machifu wa koo wanaoitwa matai, na kila matai ana jina la cheo analopewa na ukoo wake. Baadhi ni ali'i, machifu wakuu, ambao wengi wao huitwa lau afioga. Wengine ni tulāfale, wasemaji, na hao ni lau tōfā. Ukishajua cheo cha mtu, tumia jina la cheo, achana na jina la kwanza. Usipojua, lau susuga itakustahi wewe na yeye. Hakuna anayeudhika kwa kuheshimiwa kwa namna isiyo sahihi kabisa; wataku­rekebisha kwa upole na wengi hufurahi kwamba umejaribu.

Kuna pia salamu ya uzito utakayoisikia kwenye shughuli: Mālō le soifua maua ma le lagi e mamā. Ni kupongezana kwa afya mliyojaliwa na kwa anga lililo safi. Ufupisho wake, Mālō le soifua, unaweza kuutumia hata wewe, na hujibiwa vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Mwili nao usalimie

Neno la kujifunza hapa ni tulou. Watu wamekaa, nawe lazima upite mbele yao. Unainamisha mgongo, unashusha mkono, unapita polepole ukisema Tulou, tulou lava. Nikipeleka chai sebuleni kwa wazee hufanya hivyo kila mara, sinia nikiishika chini ya kifua. Hata ukinyoosha mkono juu ya kichwa cha mtu kuchukua kitu rafuni, sema tulou kabla mkono haujapita. Mhudumu anayesahau Kisamoa chake chote lakini akakumbuka tulou, bado yuko salama.

Ukiingia kwenye fale, nyumba yao ya asili isiyo na kuta, vua viatu, kaa chini kwanza, kunja miguu, ndipo usalimie. Kuzungumza umesimama wakati wakubwa wamekaa ni utovu wa adabu. Miguu ikichoka usiinyooshe kuwaelekea watu. Ifunike kwa mkeka. Na ukiwa kijijini jioni ukasikia kengele au baragumu la kombe, ni wakati wa sā, maombi ya familia. Hapo hapasalimiwi mtu. Simama au kaa kando mpaka yaishe.

Hatua ya 6: Mālō ya kazi

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa Mswahili yuko nyumbani kabisa. Sisi hatupiti mtu anayelima bila kusema "pole na kazi" au "hongera kwa kazi". Wasamoa nao hawapiti. Husema Mālō le galue, wakimpongeza anayefanya kazi.

Jumapili huwaendesha wazee wetu kanisani kwa basi dogo. Gari likishaondoka, sauti inatoka nyuma: Mālō le fa'auli! Ni pongezi kwa dereva. Jibu lake ni Mālō le tāpua'i, pongezi kwa ninyi mlioketi mkiniombea. Kwao anayekaa kimya akimtakia mema mwenye usukani naye amefanya kazi, na dereva anawajibika kuitambua. Jifunze jozi hii hata kama huendeshi, maana utapanda magari ya watu, na ukisema Mālō le fa'auli utaona bega la dereva linavyogeuka.

Nyingine mbili zitakufaa. Mtu aliyekusubiri mwambie Mālō le onosa'i, hongera kwa uvumilivu. Nawe unapohangaika na matamshi utaambiwa Mālō le taumafai, umejitahidi. Pokea kwa Fa'afetai lava.

Hatua ya 7: Unaenda wapi, na njoo ule

Ukitembea kijijini utaulizwa 'O fea 'e te alu 'i ai?, unaenda wapi? Asikuchukize, hakupelelezi. Ni salamu. Wewe jibu tu Tafao, yaani natembea, naye ataridhika.

Ukipita watu wakila, utaitwa Sau e 'ai!, njoo ule. Kwa mtu wa heshima hawatumii 'ai, hutumia taumafa. Hili nalo halihitaji maelezo kwa mtu aliyekulia kwenye "karibu chakula". Ukitaka kukataa kwa adabu: Fa'afetai, 'ua 'ou mā'ona, asante, nimeshiba. Ukikaribishwa mara ya pili kwa mkazo, kaa ule.

Hatua ya 8: Kujitambulisha na kuaga

Utaulizwa 'O ai lou igoa?, jina lako nani? Igoa hutamkwa ing'oa. Jibu: 'O lo'u igoa 'o Baraka. Ukitaka kusema utokako: 'Ou te sau mai Tanzania. Wewe ukimuuliza mkubwa, badilisha igoa kwa suafa, ambalo ndilo neno la heshima: 'O ai lou suafa?

Kuaga ni Tōfā, au kwa heshima Tōfā soifua. Vijana hukata na kusema Fā. Kwa anayesafiri, Manuia lau malaga. Kulingana na wakati, unaweza kumtakia mtu Manuia le taeao asubuhi, Manuia le aoauli mchana, Manuia le afiafi jioni, Manuia le pō usiku, au Manuia le aso, siku njema.

Mazungumzo yote ya kwanza ni haya, na yajifunze kwa sauti, mtu na mwenzake:

– Tālofa lava, lau susuga.
– Tālofa. 'O ā mai 'oe?
– Manuia lava, fa'afetai. 'Ae ā lau susuga?
– Manuia, fa'afetai. 'O ai lou igoa?
– 'O lo'u igoa 'o Amina. 'Ou te sau mai Kenya.
– Mālō lava!
– Fa'afetai lava. Tōfā soifua.
– Tōfā. Manuia le aso.

Hatua ya 9: Sikia k, sema t

Siku utakayokaa karibu na vijana wakipiga soga utadhani umefundishwa lugha nyingine. Fa'afetai imekuwa fa'afekai, manuia imekuwa maguia, taeao imekuwa kaeao. Kisamoa kina mitindo miwili ya kutamka. Mmoja una t na n, unaotumika kanisani, shuleni, redioni na kwa wageni. Mwingine hugeuza t kuwa k na n kuwa ng', nao ni wa nyumbani na mitaani, na hata wasemaji wakubwa wa mikutano ya kijiji huhutubia kwa huo. Kwa hiyo usiuone kuwa ni wa wahuni. Ila wewe mwanafunzi baki kwenye t. Mgeni anayekimbilia k kabla hajakaribishwa huonekana amejivika ukaribu asiopewa.

Kwa walioko Afrika Mashariki wanaotaka kufanya mazoezi kwa simu na ndugu au rafiki aliye Samoa, jueni saa. Apia iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 10. Ikiwa kwenu ni saa mbili usiku Jumamosi, kwao ni saa kumi na mbili asubuhi Jumapili, na wengi wanajiandaa kwenda kanisani, basi mwanze na Manuia le taeao na msiwacheleweshe. Pago Pago, ingawa ni jirani, iko upande wa pili wa mstari wa tarehe tangu Samoa iliporuka siku ya 30 Desemba 2011. Huko saa ni ile ile ya Apia, lakini bado ni Jumamosi.