Namna ya Kukagua Redio na Skrini Kabla ya Kununua Gari Lililotumika

Mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani hushangaa kuona skrini yake ikijibu polepole kuliko simu ya bei ya kawaida. Kwa kawaida gari husanifiwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa, na chipu zake huchaguliwa mapema, na hupimwa kwa AEC-Q100, kiwango cha uimara wa chipu za magari, ambacho daraja lake la 1 hudai chipu ifanye kazi kati ya nyuzijoto -40 na 125 za Selsiasi. Apple, kwa upande wake, hushauri iPhone itumike penye nyuzijoto 0 hadi 35. Yeyote anayeegesha gari juani saa nane mchana karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma, anahitaji kifaa kinachostahimili joto kabla ya kutafuta kilicho kipya.

Kwa hiyo usiongezewe bei kwa sababu ya skrini. Washa redio mwenyewe: redio za Japani hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, au 95 kwa zile za karibuni, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, hivyo nyingi hazitasikika. Kipo kifaa cha kubadili masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, lakini namba utakayoiona haitalingana na ya stesheni. Mimi naona ni heri kubadili redio.

Ramani iliyomo ni ya Japani, na simu yako itaifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Baadhi ya redio za Toyota hujifunga betri inapotolewa, kisha hudai kadi ya SD yenye ramani au namba ya siri. Mwulize muuzaji kama kadi ipo kabla ya kulipa, na si baada ya fundi kubadili betri.

Ukiamua kufunga redio mpya, pima nafasi kwanza: nyingi ni milimita 180 kwa 100, ila Toyota nyingi zina upana wa 200. Redio nyingi za bei nafuu zinazotumia Android zimeundwa kama tableti, si kama vifaa vya gari, kwa hiyo dai dhamana ya maandishi na uijaribu gari likiwa limeshinda juani. Mwambie fundi umeme atumie soketi inayolingana na gari lako, asikate nyaya za asili, kisha mjaribu pamoja kamera ya nyuma na vitufe vya usukani kabla dashibodi haijafungwa.