Kabla ya kuomba PhD ya uchumi: maandalizi yaanze mwaka wa pili

Ukiwa na nia ya kusoma PhD ya uchumi, hasa Marekani, usingoje mwaka wa mwisho ndipo uanze kuulizia. Wanaochagua wanafunzi hutazama zaidi mambo mawili yasiyopatikana kwa haraka: umesoma hisabati gani, na nani anaijua kazi yako kiasi cha kuisemea.

Hisabati kwanza. Shahada ya kwanza ya uchumi kwa kawaida hutufundisha kukokotoa. Unaambiwa kuridhika kwa mlaji ni u = xy, unapewa bei mbili na kipato, unatafuta atanunua kiasi gani cha kila bidhaa. Ukiijua kalkulasi, umemaliza. Kwenye PhD, mwaka wa kwanza tu, swali linageuka: thibitisha kwamba jibu lenyewe lipo. Hapo kukokotoa hakukutoi. Inabidi uonyeshe kwamba seti ya vitu anavyoweza kuvinunua imefungwa na ina mipaka, kwamba u haina mruko popote, kisha ndipo uitumie theoremu ya Weierstrass, inayosema kwamba katika hali hiyo kilele cha u lazima kiwepo. Anayekutana na hoja ya aina hii kwa mara ya kwanza huku wenzake waliisoma zamani hupata taabu sana, hata kama kwa akili hawamzidi. Mwaka huohuo kuna maikro, makro na ekonometriksi (takwimu za kupimia uchumi), na mitihani ambayo ukiifeli unaweza kuondolewa.

Kwa hiyo nenda idara ya hisabati mapema, uombe kusoma kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, probabiliti na analisisi, ile kozi ambayo kila kitu kinathibitishwa kuanzia namba zenyewe. Ratiba zitagongana, bembeleza. Kwa maoni yangu, B ya analisisi inakusemea vizuri kuliko A kadhaa za kozi za maelezo matupu, ingawa najua GPA inavyouma ikishuka.

Jambo jingine ni kuzoea data. Pakua takwimu za kaya za Tanzania, zile za National Panel Survey iliyoanza 2008/09, hazilipiwi. Jifunze Stata au R, programu za kuchambua data, kwa kuzichezea takwimu hizo. Utajifunza mambo ambayo vitabu vinayapita haraka. Chukua mfano wa kaya tatu: ya kwanza ina ekari 2, ya pili 3, ya tatu mhojaji hakupata jibu akaandika -99. Usipoitoa ile namba, wastani wa shamba unakuwa hasi, ekari 31 chini ya sifuri. Kosa hilo ni rahisi kuliona kwenye kaya tatu, si kwenye elfu tatu.

Kazi hiyo ndiyo itakayokupatia barua za mapendekezo. Kwa kawaida zinatakiwa tatu, na mhadhiri anayekujua kwa namba ya usajili tu ataandika kwamba ulihudhuria na ulifaulu, basi. Mtafute mmoja au wawili, uwasaidie utafiti wao, hata kama ni kusafisha data tu. Ukishahitimu, mwaka mmoja au miwili ya usaidizi wa utafiti si kupoteza muda. Wengi siku hizi hupitia huko. Na kazi hizo hazipo ughaibuni tu: utafiti wa dawa za minyoo kwa watoto wa shule wa Michael Kremer, aliyepata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na wenzake wawili, ulifanyika Busia, Kenya.

Kuhusu pesa, usikate tamaa kabla ya kuuliza. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani hukulipia ada na kukupa posho ya kujikimu, na unaweza kuingia bila shahada ya uzamili. Ulaya wengi huitaka kwanza. Kwetu Afrika kuna mpango wa PhD wa AERC (African Economic Research Consortium), taasisi ya utafiti wa uchumi yenye makao Nairobi. Ada ya maombi ikikushinda, andika barua pepe uombe usamehewe kuilipa. Vyuo vingi vina utaratibu huo. Mtihani wa GRE, ule wa kuombea masomo ya juu, ufanye hisabati ikiwa bado mbichi kichwani, maana matokeo yake hudumu miaka 5. GPA yako ya kipimo cha 5 usiigeuze kuwa ya kipimo cha 4 kwa hesabu zako mwenyewe, isipokuwa chuo kimekuambia ufanye hivyo.

Maombi mengi hufungwa Desemba. Ifikapo Oktoba wahadhiri wako wawe tayari na matokeo yako, andiko lako moja la utafiti, na orodha ya vyuo yenye tarehe ya mwisho ya kila kimoja. Wiki mbili kabla, wakumbushe tena kwa adabu.