Kuuza nyumba ya kijijini soko likiwa limelala

Mwongozo huu unahusu nyumba iliyo kwenye ardhi ya kijiji, Tanzania Bara: iwe ina hatimiliki ya kimila au haina karatasi yoyote zaidi ya ushahidi wa majirani. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati ya Kamishna wa Ardhi kina utaratibu wake mwingine.

Kijijini, soko likilala, mnunuzi wa kweli anaweza kuja mmoja kwa miezi sita. Huyo mmoja akikuta mdogo wako hajaridhia, au mtendaji hana habari, hela yake inahamia kwenye ng'ombe au bodaboda ndani ya wiki. Ndiyo maana hapa karatasi zinatangulia na tangazo linafuata, kinyume na wanavyofanya wengi.

Hatua ya 1: Muuzaji ni nani?

Kama nyumba ni ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwenzi asaini mkataba kama mridhia, jina na ridhaa yake vikitajwa ndani ya mkataba. Saini yake chini ya "mashahidi" haitoshi. Mume mwenye wake wawili achukue saini zote mbili, hata kama nyumba anaishi mmoja tu.

Kama ni nyumba ya marehemu, kikao cha ukoo hakimpi mtu mamlaka ya kuuza. Kikao kinapendekeza jina, Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayoteua msimamizi wa mirathi. Usitangaze kabla Fomu Na. IV ya uteuzi haijatoka. Pia msimamizi anatakiwa kupeleka orodha ya mali mahakamani ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Hakikisha nyumba imo kwenye orodha hiyo. Msimamizi aweza kuuza kwa mamlaka yake, lakini chukua ridhaa ya maandishi ya kila mrithi, hasa dada walioolewa mbali. Wao ndio husahaulika, na wao ndio hufika na pingamizi siku mnunuzi anapoleta mafundi.

Hatua ya 2: Kibali cha halmashauri ya kijiji

Hapa ndipo mauzo mengi yanapokufa, kwa hiyo soma polepole.

Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji si kibali. Barua ya balozi wa nyumba kumi si kibali. Hata saini ya mwenyekiti wa kijiji akiwa peke yake ofisini si kibali. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, anayeidhinisha ni halmashauri ya kijiji ikiwa kwenye kikao, yaani wale wajumbe 15 hadi 25 wakiwa wametimia akidi. Mahakama ya Rufani imeshatamka kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila kibali hicho ni batili. Mauzo batili yanamrudisha mnunuzi kwako hata miaka minane baadaye akidai hela yake, wakati wewe umeshaila.

Anza na barua kwa mtendaji wa kijiji. Iwe na majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya NIDA (tarakimu 20), kitongoji, majirani wa pande nne, ukubwa kwa mita, na sentensi moja isiyo na utata: "Naomba kibali cha kuhamisha haki yangu ya ardhi kwa njia ya mauzo." Peleka nakala mbili, moja urudi nayo ikiwa imegongwa muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila nakala hiyo, barua ikipotea unaanza upya.

Barua ya kwanza ipeleke hata kabla ya kupata mnunuzi. Kikao hicho hakimalizi kazi, kwa sababu kibali chenyewe lazima kimtaje anayehamishiwa, na hivyo utarudi mara ya pili. Faida yake ni kwamba mwenye mgogoro wa mpaka anajitokeza mapema. Mwombe mtendaji abandike nia yako ya kuuza kwenye ubao wa matangazo wa ofisi kwa siku 14. Pingamizi likija sasa unalimaliza kwa majirani kukaa chini ya mwembe. Likija baada ya malipo linaishia Baraza la Ardhi.

Yanayoharibika mara kwa mara ni haya.

Akidi haitimii. Mvua zikianza, wajumbe wako mashambani na kikao kinaahirishwa wiki baada ya wiki. Jipe miezi miwili, na usiahidi mnunuzi tarehe kabla ya kuuliza ratiba ya vikao.

Ajenda imeandikwa vibaya. Muhtasari ukisema "kikao kilipokea taarifa ya mauzo", hujapewa kibali. Halmashauri imesikia tu. Maneno yawe "kikao kimeridhia" au "kimeidhinisha". Hudhuria mwenyewe, na kabla ya kuondoka omba katibu akusomee kipengele chako. Katibu ni yule yule mtendaji.

Muhtasari umebaki kwenye daftari. Unataka nakala iliyochapwa, yenye tarehe, orodha ya mahudhurio na saini za wajumbe, jina la mnunuzi, ukubwa na mipaka, saini ya mwenyekiti, saini ya mtendaji na muhuri wa kijiji. Kurasa zote zigongwe muhuri, pamoja na ile ya mahudhurio.

Viongozi wamebadilika. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024 na vijiji vingi vikapata wenyeviti wapya. Kama unategemea muhtasari wa uongozi uliopita, tafuta nakala yake ndani ya jalada la ofisi. Karatasi iliyoko mkononi mwako peke yako itatiliwa shaka.

Unadaiwa asilimia 10. Sehemu nyingi ofisi huomba asilimia 10 ya bei kana kwamba ni sheria. Hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinachotoa kiwango hicho. Omba kwa heshima uonyeshwe sheria ndogo ya halmashauri ya wilaya inayotaja ada, kisha lipa kwa namba ya malipo ya serikali na uchukue risiti. Usitoe fedha mkononi, na usiseme bei ya mwisho barazani kabla haijalazimu.

Mnunuzi si raia. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa asiye raia, hata kama amezaliwa kijijini hapo na sasa ana pasi ya nchi nyingine. Omba namba ya NIDA ya mnunuzi siku ya kwanza.

Kama una hatimiliki ya kimila, peleka nakala tu. Hati halisi ibaki kwako mpaka malipo yakamilike, kisha uhamisho uandikwe kwenye masjala ya ardhi ya kijiji.

Hatua ya 3: Pima kwa futi kamba

Ekari ya kijijini ni "hatua 70 kwa 70". Mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 90 anapata mita 63 kwa 63, na hiyo ni karibu ekari kamili, kwani ekari ina mita za mraba 4,047. Mwenye hatua ya sentimita 75 anapata mita 52.5 kwa 52.5, ambazo ni kama theluthi mbili tu za ekari. Maneno yale yale, ardhi tofauti kabisa.

Tumia futi kamba ya mita 50 au 100. Simu ikusaidie kuonyesha mahali palipo, si kupima; hata palipo wazi inakosea mita kadhaa. Pima mbele ya majirani wote wanne na mwenyekiti wa kitongoji, chora ramani ya mkono yenye urefu wa kila upande, wote wasaini. Mpaka wa masale au minyaa uandike kama ulivyo, na palipo wazi chimbia mawe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Makaburi

Nyumba za asili nyingi, Kilimanjaro na Kagera hasa, zina makaburi ya familia uani au migombani. Usiyafiche. Kuhamisha makaburi kunahitaji kibali na kunagawa ukoo. Njia iliyo bora ni kumega eneo hilo lisiuzwe: pima kipande cha makaburi, acha njia ya mita 2 kutoka barabarani, na vyote viwili viandikwe kwenye mkataba na kwenye muhtasari wa kijiji. Bei itashuka kidogo, lakini watoto wa marehemu watakuwa na pa kusimama wakija kuomba dua.

Hatua ya 5: Bei

Gharama ulizojengea hazimhusu mnunuzi. Yeye analinganisha na kujijengea mwenyewe kwa tofali za kuchoma za tanuru lake. Fanya hesabu hii:

Tafuta mauzo matatu ya mwisho yaliyokamilika kitongojini, si bei zinazotajwa vijiweni. Hiyo ndiyo thamani ya ardhi. Ongeza mazao ya kudumu na miti. Kisha hesabu nyumba kwa vifaa vinavyoweza kubomolewa na kuuzwa: bati, mbao za paa, milango, madirisha, tofali. Jumla ya hayo ni sakafu yako. Chini yake usishuke, kwani ungepata zaidi kwa kubomoa. Bei ya kutaja iwe juu ya sakafu kwa nafasi ya maongezi, lakini isizidi mara moja na nusu, la sivyo watu hawaji hata kuuliza.

Shamba likiwa kubwa, mwuzie jirani shamba na mwalimu nyumba. Wawili wenye hela ndogo hupatikana upesi kuliko mmoja mwenye hela kubwa. Acha njia ya mita 3 na utaje nani anabaki na kisima.

Hatua ya 6: Matengenezo

Ziba paa linalovuja, vunja vichuguu vya mchwa ukutani na umwagilie dawa kwenye msingi, funika choo, weka kufuli zinazofanya kazi. Kama nguzo ya umeme iko karibu, vuta umeme; kuunganishiwa kijijini kumekuwa Sh 27,000 mbali na gharama za fundi wa nyaya. Vigae na jipsamu achana navyo.

Anayekaa humo kulinda asaini karatasi kwamba ni mlinzi. Madai ya ardhi hufa baada ya miaka 12, na ndugu aliyekaa bure bila maandishi huanza kujiita mwenye nyumba.

Hatua ya 7: Tangaza msimu wa hela

Nyanda za Juu Kusini, mahindi yakishauzwa, kati ya Julai na Oktoba. Mtwara na Lindi, minada ya korosho ikianza Oktoba na wakulima wakilipwa kupitia AMCOS, yaani vyama vyao vya ushirika. Januari acha, ni ada za shule.

Waambie kwa mpangilio huu: jirani unayepakana naye, ndugu, watumishi wa shule na zahanati, wafanyabiashara wa gulioni, kisha kundi la WhatsApp la wenyeji walioko mijini. Picha sita zinatosha, moja iwe ya barabara inayofika nyumbani na moja ya chanzo cha maji. Dalali mpe asilimia iliyoandikwa, alipwe baada ya malipo kamili, na usikubali "cha juu", yaani aongeze bei yake juu ya yako: anayejiwekea cha juu ndiye anayekufukuzia wanunuzi.

Hatua ya 8: Mkataba na malipo

Mkataba uandikwe na wakili, nakala nne: yako, ya mnunuzi, ya wakili, ya jalada la kijiji. Picha za pasipoti, saini na dole gumba. Malipo yafanyike ndani ya benki, akaunti kwa akaunti.

Soko likiwa baya utaombwa kulipwa kidogo kidogo. Kubali awamu mbili tu, ya kwanza isipungue nusu, ya pili iwe na tarehe, na mkataba useme nini kinarudishwa ikishindikana. Funguo, hati halisi na muhtasari halisi vitolewe awamu ya pili ikishaingia.

Hatua ya 9: Kodi

Nenda ofisi ya TRA ya wilaya na mkataba. Muuzaji mkazi hulipa asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, iliyo kubwa. Kwa nyumba ya Sh 20,000,000 isiyo na stakabadhi, hiyo ni Sh 600,000. Nyumba uliyomiliki na kuishi mwenyewe miaka mitatu, faida isiyozidi Sh milioni 15 ina msamaha. Uombe kabla ya kulipa. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa kawaida ni wa mnunuzi, na mkataba ugongwe stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa.

Siku ya kukabidhi, soma namba ya mita ya LUKU pamoja na mnunuzi, hakikisheni haina deni, kisha mtembee mipaka yote mkiwa na ile ramani mkononi.